Uzi maalumu: Intaneti ya kebo inavyofanya kazi, na jinsi ya kusoma namba za modemu kabla hujamwita fundi

Mawimbi75 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Lalamiko ni lile lile: "Intaneti inakatika, nimezima modemu nikawasha, imetulia kidogo, imerudi kule kule." Na majibu ni yale yale: nunua ruta mpya, hama kampuni, wapigie uwafokee. Hakuna anayeuliza modemu yenyewe inasemaje. Modemu ya kebo huandika hali yake yote kwenye ukurasa wake wa ndani, hadi saa na dakika iliyopoteza mawasiliano, na watu wanaishi nayo miaka bila kuufungua.

Huu uzi ni wa kuufungua na kuusoma. Msimamo wangu nausema mapema: wengi wanakimbilia namba za kushusha (mawimbi yanayokuja kwako), ila tatizo mara nyingi limejificha upande wa kupandisha (yanayotoka kwako).

Tuanze na ramani. Kwa mtoa huduma kuna mtambo unaitwa CMTS. Kutoka huko data inasafiri kwa faiba mpaka kwenye kisanduku cha mtaani kinachoitwa nodi. Nodi inageuza mwanga kuwa mawimbi ya redio na kuyaingiza kwenye kebo ya koaksia ya omu 75. Kebo hiyo inapita kwenye amplifaya, inafika kwenye tapu iliyo juu ya nguzo au kwenye sanduku la pembeni, na kutoka kwenye tapu waya mmoja unaingia kwako. Ndiyo maana mafundi wanauita mtandao wa HFC, yaani mseto wa faiba na koaksia.

Koaksia hii ililetwa kwa ajili ya televisheni, na hapo ndipo pa kushika. Televisheni inatuma tu, haina haja ya kupokea kitu kutoka kwa mtazamaji. Intaneti ilipokuja ikabidi itafutiwe njia ya kurudi, ikapewa kipande cha chini kabisa cha masafa: Marekani megahezi 5 hadi 42, Ulaya 5 hadi 65. Kushusha kukabaki na eneo lote la juu, hadi megahezi 1002 kwenye mitandao ya DOCSIS 3.0. Ukiona kasi ya kupakua ni mara ishirini ya kupakia, usitafute mchawi, ni huo mgao.

DOCSIS ni kanuni za CableLabs zinazofanya modemu ya kiwanda chochote ielewane na CMTS yoyote. Toleo la 1.0 lilitoka 1997. La 3.0, mwaka 2006, lilileta kuunganisha chaneli nyingi zifanye kazi kama moja. La 3.1, mwaka 2013, lilileta OFDM, yaani chaneli pana iliyogawanywa kuwa vijimasafa vingi vyembamba, nitaligusa mbele. Kwa mfumo wa Marekani chaneli moja ya megahezi 6 ikitumia 256-QAM (njia ya kupakia biti kwenye wimbi; namba ikiwa kubwa inabeba zaidi ila inataka laini safi zaidi) inabeba kama megabiti 38 kwa sekunde za kutumika. Chaneli ya Ulaya ya megahezi 8 inafika kama 50. Modemu yenye chaneli 8 za Marekani kwa hiyo inagota kwenye 300 hivi, na hizo mnagawana na majirani wote wa kundi lenu.

Upande wa kushusha ni rahisi: CMTS inaongea, wote mnasikia, kila modemu inachukua kilicho chake. Upande wa kupandisha ni shughuli. Modemu nyingi zinatumia masafa yale yale, na zikiongea kwa pamoja zinaharibiana. Kwa hiyo CMTS inagawa nafasi za muda. Modemu inaomba, inasubiri ratiba, ratiba ikitoka inatuma ndani ya nafasi yake tu. Na kwa kuwa wewe uko karibu na mwingine yuko mbali, CMTS inamwambia kila mmoja aanze kutuma lini hasa na kwa nguvu kiasi gani, ili wote wafike kwake wakiwa sawa. Marekebisho hayo, yanayoitwa "ranging", hayaishi. Yanarudiwa kila baada ya sekunde chache maadamu modemu imewaka.

Shikeni hili: nguvu ya kupandisha haichagui modemu, inaamriwa na CMTS. Ukiona imepanda sana, maana yake njiani kuna kinachoila.

Nikipata nafasi naendelea na namba.

---

Kisanduku_Cheusi

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

MtumishiWaLAN

Somo zuri ila umetuacha mlangoni. Huo ukurasa unafunguliwaje? Na taa zile zinazopepesa zina maana gani modemu ikiwaka?

---

Mawimbi75

Mkuu, kwenye kivinjari andika 192.168.100.1. Karibu modemu zote za kebo zinajibu hapo, hata kama ruta yako inatumia anwani nyingine. Tafuta sehemu ya hali ya mawimbi na sehemu ya kumbukumbu za matukio. Wapo watoa huduma wanaoifunga hiyo kurasa. Ukikuta imefungwa, waombe wakusomee namba kwa simu, wanaziona upande wao.

Taa zinafuata hatua za kuwaka. Kwanza modemu inapekua masafa ikitafuta chaneli ya kushusha. Ikiipata, inasikiliza maelezo ya chaneli za kupandisha. Kisha inabisha hodi kwa sauti ndogo. Isipojibiwa inaongeza nguvu na kubisha tena, hadi CMTS imsikie na kumrekebisha. Baada ya hapo inaomba anwani ya IP, inachukua saa, inapakua faili la mipangilio (humo ndimo kasi ya kifurushi chako ilimoandikwa), inajisajili, basi.

Kwa hiyo angalia inakwama wapi. Ikikwama kwenye taa ya kushusha, mawimbi hayafiki: waya umechomoka, umekatika, au umekatiwa huduma nguzoni. Ikishika kushusha halafu taa ya kupandisha ikapepesa bila kukoma, wewe unawasikia ila wao hawakusikii. Ikivuka zote mbili na bado hakuna intaneti, mawimbi ni mazima. Hilo ni suala la usajili au akaunti, na kupanda juu ya paa kukagua nyaya ni kujisumbua.

---

Mawimbi75

Sasa namba. Vipimo viko kwa dBmV, ambapo 0 ni milivolti moja kwenye omu 75. Sifuri hapa siyo "hakuna kitu", ni kipimo kizuri kabisa. Na kila dB 3 ni nguvu maradufu, au nusu ukishuka.

Nguvu ya kushusha: kanuni inaruhusu kutoka −15 hadi +15. Mimi napenda kuiona kati ya −7 na +7. Kuzidi nako ni ugonjwa, mpokeaji anaziwiwa.

SNR au MER, yaani mawimbi yako juu ya kelele kwa kiasi gani: kwa 256-QAM nataka 35 na kuendelea. 33 inavumilika, 30 uko ukingoni.

Nguvu ya kupandisha: kati ya 35 na 48 unalala usingizi. Kwenye DOCSIS 3.0 modemu inayotumia chaneli nne kwa 64-QAM dari yake ni kama 51. Ikifika darini CMTS ikaomba zaidi, haina cha kuongeza, na hapo ndipo kukatika kunaanza. Chini sana nako si sifa. Ukiona 30 kushuka, ujue kelele yoyote ya nyumbani kwako inafika kwenye nodi karibu nzima nzima.

Halafu kuna vipande vya data vilivyorekebishwa na visivyorekebishika. Vilivyorekebishwa usivihangaikie, hesabu ya kusahihisha makosa imefanya kazi yake. Visivyorekebishika ni data iliyopotea. Angalia muda tangu modemu iwake kabla hujashtuka, maana namba hizo hujumlishwa tangu siku ya kuwaka. Elfu kadhaa kwa miezi si kitu. Elfu kadhaa ndani ya saa moja ni kitu. Soma, subiri saa moja, soma tena, toa.

Kwenye kumbukumbu utakutana na T3 na T4. T3 ni modemu imebisha na haikujibiwa ndani ya milisekunde 200. Moja moja hutokea hata kwenye laini nzuri. Zikifika 16 mfululizo modemu inaacha na kuanza upya. T4 ni nzito zaidi: kwa sekunde 30 hivi modemu haikuona hata nafasi yake ya kubisha, nayo inaanza upya. Zote mbili zinahusu mazungumzo ya kwenda na kurudi, lakini T3 nyingi huku kushusha kukiwa safi zinaelekeza kupandisha bila ubishi.

---

ZuhuraK

Shukrani kaka, nimefungua mara ya kwanza. Naomba unisomee. Kwangu inakatika kila mara, hasa kipindi cha mvua.

Kushusha: chaneli zote kati ya −7 na −9
SNR: 36 hadi 37
Kupandisha: 51, chaneli zote nne
Visivyorekebishika: karibu hakuna
Kumbukumbu: T3 nyingi sana, na "ranging" kushindwa

Waya ukiingia ndani unapita kwenye spilita (kile kigawanyo cha waya) yenye matundu manne. Matatu hayana kitu, la nne ndilo la modemu.

---

Mawimbi75

Dada Zuhura, umeniletea mfano wa darasani. Ukitazama kushusha pekee utasema laini ni nzima: kumeshuka kidogo, ila SNR ni nzuri na hakuna data inayopotea. Tatizo ni ile 51. Uko darini.

Spilita ya matundu mawili inakula kama dB 3.5 kila upande. Ya manne inakula 7. Ya nane inakula 11. Na inakula pande zote mbili, kushusha na kupandisha. Wewe unalipia dB 7 kwa matundu matatu yasiyo na kazi, tena matundu matupu yanaingiza kelele yasipozibwa kwa kizibo cha omu 75. Itoe kabisa, unganisha waya kwa kiungio cha moja kwa moja, kaza konekta kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Natabiri kushusha kutapanda hadi sifuri au −2, na kupandisha kutashuka hadi 44.

---

Gari_Kubwa

Mbona mnazunguka. Anunue kikuza mawimbi cha dukani, aweke mlangoni, kwisha.

---

Mawimbi75

Hapana mkuu. Kwanza, vingi vya dukani vimetengenezwa kwa televisheni na havipitishi kupandisha, kwa hiyo modemu itazimika kabisa. Pili, kinakuza mawimbi pamoja na kelele yake, na chenyewe kinaongeza kidogo. SNR haiwezi kupanda kwa kuzidisha sauti ya kitu kilichokwisha kuchafuka. Hasara iondolewe pale ilipo. Amplifaya ina mahali pake, nyumba yenye vifaa vingi kwa mfano, lakini achague fundi aliyepima.

---

ZuhuraK

Nimetoa spilita. Kushusha −1, kupandisha 44. Umepatia kabisa! Jana mvua ilinyesha, ikakatika tena. Nikakimbilia ukurasa: kupandisha 50, kushusha −2. Leo kumekauka, kupandisha kumerudi 44. Fundi alikuja jua likiwaka, akapima, akasema laini haina shida ila modemu imechoka.

---

Mawimbi75

Hapo sasa penye utamu. Tazameni wakuu: ndani ya nyumba hakuna kilichobadilika, lakini kupandisha kumehama dB 6 na kushusha kumehama 1 tu. Modemu iliyochoka haijui kama mvua inanyesha.

Kwa nini upande mmoja uathirike kuliko mwingine? Waya mzuri hula zaidi masafa ya juu. Mita 100 za RG-6 zinakula karibu dB 5 kwenye megahezi 55, na zaidi ya 20 kwenye megahezi 1000. Kwa hiyo waya ukiwa mrefu au umezeeka, chaneli za juu za kushusha ndizo zinazozama kwanza. Lakini mgusano wa waya wa katikati ukiota kutu au ukalegea, unakuwa kama kapasita: masafa ya juu yanaruka pengo, ya chini yanazuiwa. Na ya chini ni ya nani? Ya kupandisha. Ndiyo maana televisheni inaweza kuonyesha safi, kipimo cha kupakua kikawa kizuri, huku modemu ikipiga kelele hadi dari.

Mpigie mtoa huduma, usimwambie "inakatika mvua ikinyesha." Mwambie: "Nguvu ya kupandisha inatoka 44 hadi 50 mvua ikinyesha, kushusha karibu hakubadiliki. Naomba mkague konekta za nje, kuanzia kwenye tapu." Mpe picha za ukurasa zenye saa, za siku kavu na za mvua.

---

MtumishiWaLAN

Swali la pembeni. Mimi namba zote ni nzuri kwa vigezo vyako, ila chaneli tatu tu kati ya 32 zina SNR ya 31 na makosa kibao. Zinafuatana, megahezi 740 hadi 760 hivi. Nyingine zote 38.

---

Mawimbi75

Zinafuatana na ziko kwenye masafa yanayotumiwa na minara ya simu ya 4G. Huo ni uvamizi wa mawimbi kutoka hewani. Ndani ya kebo masafa hayo yanaruhusiwa kwa sababu kebo imefungwa, ila kinga ya nje ikipasuka au konekta ikilegea, kebo inageuka antena. Ukiona shida iko 88 hadi 108, shuku redio za FM kwa utaratibu huo huo. Anza na waya mfupi wa nyuma ya modemu, zile nyaya za bei rahisi zenye kinga nyembamba ndizo zinazovuja sana. Kisha kila konekta hadi ukutani.

Nchi iwe yoyote, ujue uvujaji unaenda pande mbili. Kinachoingia kinatoka pia, na watoa huduma wana vifaa vya kuusaka, kwa sababu kebo inayovuja inaweza kuingilia mawasiliano ya watu wengine.

Na kelele ya kupandisha ni balaa kuliko hii. Kelele ya kushusha inakuumiza wewe peke yako. Ya kupandisha inakusanyika: kila nyumba inamwaga uchafu wake, kama vijito vinavyoingia mto mmoja, na nodi inapokea jumla ya wote. Chaja moja mbovu au mota ya mashine kwenye nyumba yenye konekta iliyolegea inaweza kuangusha mtaa mzima. Fundi ataitafuta nodi hadi amplifaya, amplifaya hadi tapu, tapu hadi nyumba. Ni kazi ya kuchosha sana, hasa kelele ikiwa ya kuja na kuondoka, maana anapofika tu inanyamaza. Mkiona nyote mtaani mnakatika kwa wakati mmoja, acheni kubadilisha modemu. Pigeni simu wengi.

---

bintiHesabu

Kwangu T3 hakuna, kupandisha 41, SNR 39. Mchana napata kasi yote, jioni inashuka hadi robo, usiku wa manane inarudi. Nimejaribu kwa waya wa LAN moja kwa moja kwenye modemu.

---

Mawimbi75

Umefanya vizuri kuitoa Wi-Fi kwenye hesabu kwanza, wengi wanaruka hapo. Namba zako hazisogei na kasi inafuata saa za watu kurudi nyumbani: huo ni msongamano. Mmejaa kwenye nodi. Hakuna mpangilio wa upande wako utakaouondoa. Mtoa huduma agawe kundi lenu mara mbili au aongeze chaneli. Pima kasi kwa saa mbalimbali, andika, wapelekee.

---

Gari_Kubwa

Mimi kasi naipata yote saa zote, lakini mtu akianza kupakia video, gemu inaganda. Pingi inatoka 15 hadi 600. Hiyo nayo konekta?

---

Mawimbi75

Hiyo si konekta mkuu. Ni foleni. Kupandisha ni kwembamba, na modemu za zamani zina hifadhi kubwa ya foleni. Video inaijaza, pakiti ya gemu inapanga mstari nyuma yake. DOCSIS 3.1 inazitaka modemu ziwe na utaratibu wa kusimamia foleni unaoitwa DOCSIS-PIE, umeelezwa kwenye waraka wa kiufundi wa RFC 8034. Kama yako ni ya 3.0, tafuta ruta yenye SQM (uwezo wa ruta kusimamia foleni yenyewe) na uweke kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayopata kweli. Foleni itahamia kwenye ruta, ambako inajua kupanga.

---

ZuhuraK

Mrejesho: walikuja wengine wenye ngazi. Konekta ya kwenye tapu ilikuwa imeingia maji, waya wa katikati umeota kutu. Wamebadilisha waya wote hadi ndani. Mvua imepiga usiku kucha, kupandisha 42, T3 sioni. Wala modemu sijabadilisha!

---

Kisanduku_Cheusi

Uzi umeshiba huu. La mwisho kwangu: nanunua modemu ya 3.1 au nibaki na ya 3.0? Na nikipata shida, nianze na kile kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani?

---

Mawimbi75

Kama mtandao wako umeshawashwa OFDM, 3.1 inalipa. Inasahihisha makosa kwa LDPC badala ya Reed-Solomon ya zamani, kwa hiyo 256-QAM inayotaka SNR ya 30 na zaidi kwenye chaneli za zamani, kwenye OFDM inatosheka na 27. 1024-QAM inataka 34, na 4096-QAM inataka 41. Pia CMTS inaweza kukupa kiwango kinacholingana na hali ya laini yako, badala ya kuwalazimisha wote kiwango kimoja. Ila hakikisha kwanza mtoa huduma anaikubali modeli hiyo, wengi wana orodha yao. Konekta mbovu nayo itaiangusha 3.1 kama inavyoiangusha 3.0.

Kitufe cha kiwandani usiguse. Kwenye modemu nyingi kinafuta kumbukumbu za matukio, yaani ushahidi wote wa T3 na saa zake, na modemu inasahau masafa iliyozoea hivyo inapekua upya kutoka mwanzo. Piga picha ukurasa kwanza. Ukitaka kuwasha upya, chomoa umeme.